Shajara ya mradi: kihisi cha mapigo ya moyo kwa mkeka wa nyuzi za PVDF, Dar es Salaam

Kazi ni moja: kutengeneza kihisi laini cha kuvaa mkononi, kinachosoma mapigo ya moyo kwa mkeka wa nyuzi nyembamba za PVDF, plastiki inayoweza kutoa umeme ikibonyezwa, badala ya filamu ya kuagiza. Anayetaka kurudia kazi hii asianzie tulipoanzia sisi. Hatua za kawaida tumezipitia haraka, na palipoharibika tumekaa, maana ndipo muda na pesa vilipoishia.

## 3 Februari. Polima

PVDF ni polima, yaani molekuli ndefu kama minyororo, yenye florini. Kila kiungo cha mnyororo kina CH2 na CF2, na kwa kuwa florini inavutia elektroni kwake, upande mmoja wa mnyororo unakuwa hasi na mwingine chanya. Minyororo ikilala sambamba na kuelekea upande mmoja, ukiubonyeza mkeka unatoa chaji. Hiyo ndiyo pizoumeme, na kwa PVDF ilitangazwa na Heiji Kawai wa Japani mwaka 1969, baada ya kuvuta filamu na kuiweka kwenye umeme mkali ikiwa moto. Madaktari wa upasuaji wanaijua polima hiyohiyo kwa sura nyingine, nyuzi za kushonea na nyavu za kutibu ngiri, kwa sababu mwili hauimeng'enyi.

Tatizo lake ni kwamba ikipoa kutoka kwenye hali ya kuyeyuka inaganda kwa umbo la alfa, ambamo minyororo imejikunja na nguvu zake zinafutana. Umbo tunalolitaka ni beta, ambamo mnyororo umenyooka. Beta hupatikana kwa kuivuta polima, na kusokota kwa umeme, yaani kuutoa uzi kwenye tone la myeyusho kwa volteji kali, kunaivuta ikiwa bado inakauka.

Tumenunua PVDF yenye uzito wa molekuli 275,000. Ipo pia kopolima yake na trifloroethilini (mnyororo mmoja wenye viungo vya zote mbili), ambayo inaganda kwa beta bila kuvutwa, lakini bei yake iko mbali mno na bajeti hii.

Gharama: PVDF gramu 100, Sh 420,000. Filamu mbili za kiwandani za PVDF zenye unene wa maikromita 28, za kulinganishia, Sh 60,000.

## 12 Februari. Kituo cha kusokotea

Kuna chanzo cha umeme cha hadi kV 30, pampu ya bomba la sindano inayozungushwa na stepa mota, sindano butu ya geji 21, na ngoma ya alumini ya kipenyo cha sm 9 iliyochongwa na fundi wa mashine ya kukereza. Ngoma inazunguka mara 1,500 kwa dakika, yaani uso wake unakwenda mita 7 kwa sekunde. Sindano iko sm 15 kutoka kwenye ngoma. Vyote vimo ndani ya sanduku la akriliki la sm 60 × 50 × 50.

Makosa mawili ya siku za kwanza. Bomba la sindano la duka la dawa lina kizibo cha mpira mweusi mbele ya mchi. DMF, kiyeyushi tunachoyeyushia PVDF, inaufurisha mpira huo. Ndani ya dakika arobaini mchi ulikuwa unakwama kisha unaruka, na kwenye ngoma yakadondoka matone. Dawa yake ni bomba lisilo na mpira kabisa au la kioo. La pili ni pampu kujizima kila cheche ilipopiga, kwa kuwa cheche inarudi kupitia myeyusho hadi kwenye bodi ya mota. Tuliiondoa pampu karibu na sindano na kuunganisha kwa mrija wa PTFE (Tefloni) wa sm 40, na haijazima tena. Usitumie mrija laini wa PVC hapo. DMF inaunyonya ulaini wake wote na kuuacha mgumu kama mfupa.

Kabla ya kufungua sanduku, umeme uzimwe na sindano iguswe kwa fimbo yenye waya wa ardhini. Hilo halirukwi hata siku moja.

Gharama: chanzo cha umeme Sh 1,450,000, pampu Sh 185,000, ngoma na mota Sh 120,000, sanduku na feni Sh 160,000, sindano, mabomba na mrija Sh 40,000.

## 20 Februari. Myeyusho

Tulianza na PVDF 14% kwa uzito. Chini ya hadubini nyuzi zilionekana kama tasbihi, shanga na uzi, shanga na uzi. Kwa uzito huu wa molekuli, 14% haitoshi kufanya minyororo isukane. Mvutano wa uso unaushinda uzi na kuukata kuwa matone kabla haujakauka. Kwa 17% shanga zilipungua, kwa 20% zikaisha.

Kipimo tulichobaki nacho kwa gramu 20 za myeyusho ni PVDF g 4, DMF g 9.6 na asetoni g 6.4. PVDF inayeyushwa kwanza ndani ya DMF peke yake, chupa ikiwa imefungwa, kwa 60 °C kwa saa 4 huku inakorogwa. Ikishapoa ndipo asetoni inatiwa, inakorogwa saa 1 zaidi, kisha inaachwa nusu saa mapovu yatoke. Utaratibu huu una sababu. Mara ya kwanza tulitia vyote pamoja na kupasha moto. Asetoni inachemka kwa 56 °C, ikatoroka kupitia kifuniko kilicholegea, na asubuhi myeyusho ulikuwa mzito kama asali. Chupa ipimwe kwenye mizani kabla na baada ya kupasha. Ikipungua zaidi ya gramu moja, myeyusho huo si wa 20% tena.

Kosa lililotusumbua zaidi lilikuwa la rangi. Mafungu mawili yaligeuka rangi ya chai nyepesi ndani ya siku moja. PVDF ilikuwa ileile. DMF ndiyo iliyotoka kwenye chupa iliyokuwa wazi muda mrefu, na ukiifungua ilikuwa na harufu ya samaki. Harufu hiyo ni dimethilamini: DMF iliyokaa na maji inavunjika polepole na kutoa amini, na amini ni besi, na besi huing'oa florini na hidrojeni kwenye mnyororo wa PVDF. Rangi ya kahawia ni viungo maradufu vinavyobaki pale florini ilipotoka. Kwa sababu hiyohiyo vyombo vya PVDF haviloweshwi kwenye magadi makali ya sodiamu. Tangu hapo chupa ya DMF inaandikwa tarehe ya kufunguliwa, na inayonuka samaki inakuwa ya kuoshea sindano tu.

DMF inapenya ngozi na kuumiza ini. Glovu nyembamba za nitrili inazipita kwa dakika chache. Glovu zinazofaa ni za mpira wa butili. Za nitrili tunazivaa kwa kazi ya haraka tu, na zikidondokewa zinavuliwa papo hapo.

Gharama: DMF lita 1, Sh 110,000; asetoni lita 1, Sh 35,000; glovu za butili na miwani, Sh 95,000. PVDF iliyopotea: g 16, yaani mafungu manne.

## 6 Machi. Unyevu

Makala nyingi za usokotaji zimeandikwa kwenye vyumba ambavyo unyevu wa hewa ni 30% au 40%. Hapa kipima unyevu kilisoma 82% saa mbili asubuhi na 68% saa tisa alasiri, na masika bado hayajashika.

Kinachotokea ni hiki. Tone linajitokeza kwenye ncha ya sindano, linachongoka, uzi unatoka vizuri. Baada ya dakika tano hadi kumi ncha inaota ngozi nyeupe. Ngozi inakua, inageuka kipande kama chenga ya mchele, inaning'inia, na uzi unatokea ubavuni mwake kwa pembe. Ukiongeza volteji unapata nyuzi mbili tatu zinazopigana. Ukiisubiri inadondokea kwenye mkeka na kuutoboa.

Mwanzo tulidhani ni asetoni inayokauka haraka, tukapunguza asetoni. Ngozi ikaendelea, na nyuzi zikafika ngoma zikiwa bado mbichi na kushikamana. Sababu ilikuwa maji. DMF inayanywa maji ya hewani kwa pupa, lakini PVDF haiyeyuki kwenye maji. Maji yakiingia kwenye tone, polima inajitenga na kuganda palepale, kama maziwa yaliyotiwa ndimu. Uzi uliofanikiwa kuondoka nao unaganda njiani kwa mtindo huohuo na kufika ukiwa na vitundu na uso wa kukwaruza.

Tulijaribu trei ya kilo 2 za silika jeli ndani ya sanduku lililofungwa. Unyevu ulishuka hadi 55%, kisha ndani ya saa moja ukarudi. Feni ya kutoa mvuke ilikuwa inafanya kazi, na hewa iliyoingia ni hewa ya Dar.

Ukizima feni unaingia kwenye hatari nyingine, na hesabu yake ni fupi. Kwa mililita 1 kwa saa, sindano inatoa karibu g 0.48 za DMF na g 0.32 za asetoni kila saa. Sanduku lina lita 150. Asetoni kufikia kiwango cha kulipuka, 2.5% ya hewa, inahitaji takribani g 9, kwa hiyo saa tatu hazitufikishi huko. DMF ndiyo inayotisha. Kiwango kinachoruhusiwa kazini Marekani ni mg 30 kwa mita ya ujazo, ambacho kwa sanduku hili ni mg 4.5 tu. Saa moja ya kusokota inamwaga zaidi ya mara mia ya hapo. Anayefungua sanduku lisilo na feni anaivuta yote.

## 27 Machi. Unyevu, suluhisho

Badala ya kukausha sanduku, tumekausha chumba. Mashine ya kukausha hewa imewekwa kwenye chumba kidogo chenye dirisha moja, nyufa za mlango zimezibwa kwa sponji, na sanduku linavuta hewa ya chumba na kuitoa nje kwa bomba, mita 3 za ujazo kwa saa, yaani hewa ya sanduku inabadilishwa mara 20 kila saa. Baada ya kuzima umeme, feni inaachwa dakika 10 kabla mlango wa sanduku haujafunguliwa.

Kiyoyozi peke yake hakikutosha. Kinapoza hewa, na hewa iliyopozwa unyevu wake wa asilimia unabaki juu hata kama maji yamepungua. Mashine ya kukausha inapasha chumba kidogo, hivyo viwili pamoja vinasaidiana. Sasa tunasokota kwa 40–45% na 27 °C, hata mvua ikinyesha nje. Ncha inakaa safi dakika 50 hadi saa nzima. Inafutwa kwa kitambaa chenye DMF kilichofungwa kwenye fimbo ya plastiki, umeme ukiwa umezimwa.

Vipimo vya kudumu: kV 15, sm 15, mL 1 kwa saa, saa 3. Mkeka unafunika karibu sm² 200 za ngoma. Kipande cha sm 2 × 2 kina unene wa maikromita 70 na uzito wa mg 10. Kwa kuwa PVDF ina g 1.78 kwa sm³, hesabu inaonyesha kwamba asilimia 80 ya mkeka ni hewa. Ukumbuke uwazi huu, unarudi kutusumbua Mei.

Gharama: mashine ya kukausha hewa Sh 390,000. Ndiyo pesa iliyofanya kazi kuliko zote.

## 10 Aprili. Infraredi

Sampuli sita zilipelekwa kwenye maabara yenye spektromita ya infraredi. Kila umbo hufyonza mwanga kwenye namba zake za mawimbi: alfa inatafutwa kwenye 763 na 975 kwa sentimita, beta kwenye 840 na 1275, na gama, umbo la tatu, kwenye 1234. Sehemu ya beta inakokotolewa kwa kugawa kimo cha 840 kwa jumla ya kimo hicho na kimo cha 763 kilichozidishwa kwa 1.26. Mkeka wetu una 0.38 kwenye 840 na 0.06 kwenye 763, hivyo beta ni 83%. Unga wenyewe, kabla ya kuyeyushwa, ulionyesha alfa waziwazi.

Namba hii inapendeza na inadanganya kwa namna mbili. Kwanza, 840 ni ya beta na gama kwa pamoja, kwa hiyo bila 1275 kuonekana na 1234 kukosekana huwezi kuiita yote beta. Pili, inasema minyororo imenyooka, haisemi imeelekea wapi. Mkeka wenye beta 83% ambao nusu ya minyororo inatazama juu na nusu inatazama chini hautoi kitu ukiubonyeza.

Gharama: Sh 30,000 kwa sampuli, jumla Sh 180,000.

## 24 Aprili. Kipimo cha umeme

Wiki mbili zilipotea kwenye osiloskopu, kifaa kinachochora mawimbi ya umeme. Kihisi cha sm² 4, foili ya alumini juu na chini, kikigongwa kwa kidole kilitoa volti 3. Kikifungwa mkononi, mstari mtupu.

Kihisi hiki ni kapasita (kihifadhi chaji) ya karibu pF 100. Probu ya osiloskopu ina MΩ 10. Viwili hivyo pamoja vinamaliza chaji kwa muda wa millisekunde 1 hivi, na kila kilicho chini ya Hz 140 kinapotea. Mapigo ya moyo ni Hz 1 hadi 2. Tulichokuwa tunakiona ni ukali wa kugonga, na ukiunganisha kwa waya wa koaksi wa mita moja, ambao wenyewe una pF 100 hivi, volti zinagawanyika nusu. Kwa hiyo kusema "kihisi kinatoa volti kadhaa" hakumsaidii mtu bila kutaja mzigo uliounganishwa. Namba ya kuaminiwa ni chaji kwa nguvu: pikokulombi kwa nyutoni, pC/N.

Tumejenga kikuza chaji kwa opampu (chipu ya kukuza umeme) ya LMC6482, yenye kapasita ya pF 470 na rezista ya GΩ 1 kwenye mrejesho, umeme wa V 3.3. Kinashika kuanzia Hz 0.34. Nusu ya pili ya opampu inakuza mara 11, kisha kuna chujio la kΩ 100 na nF 100, na kigeuzi cha ADS1115 kinachogeuza volti kuwa namba. Opampu ya TL072 tuliyokuwa nayo haikufaa. V 3.3 haiitoshi, na mkondo wake wa kuingilia wa pA 65 ukipita kwenye GΩ 1 unazaa mV 65 za bure.

Bodi ya kwanza ilielea juu na chini kila mtu alipoingia chumbani. Fluksi ya kulehemu iliyobaki juu ya bodi ilikuwa inanyonya unyevu na kuwa rezista sambamba na ile ya GΩ 1. Tuliosha kwa isopropanoli (aina ya alkoholi) na mswaki, tukakausha, na mguu wa kuingilia wa opampu tukaunyanyua usiguse bodi, ukalehemewa hewani moja kwa moja kwenye kapasita na rezista. Ikatulia. Kwa mji wa pwani hii si hiari.

Mvumo wa Hz 50 tulitaka kuuondoa kwa kusoma mara 250 kwa sekunde na kuchukua wastani wa masomo matano, ambayo ni mzunguko mmoja kamili wa umeme wa gridi. Haukuisha. Saa ya ndani ya ADS1115 inaruhusiwa kukosea hadi 10%, kwa hiyo "250" yake si 250. Sasa kila somo linaamrishwa na saa ya ESP32, kompyuta ndogo inayosoma kigeuzi, ADS1115 ikiwa kwenye mwendo wa masomo 860 kwa sekunde, na mvumo umefutika.

Gharama: vifaa vyote vya mzunguko Sh 145,000.

## 8 Mei. Namba nzuri ambayo haikuwa ya kweli

Kupima: kihisi kinagundishwa kwenye kioo kinene ili kisipinde, juu yake kipande cha mpira cha sm² 1, juu yake uzito wa gramu 100, yaani N 0.98. Uzito unanyanyuliwa ghafla kwa uzi, na chaji inasomwa. Filamu ya kiwandani, ambayo kwa maelezo yake ina pC/N 33, ilipaswa kutoa mV 69 kabla ya kukuzwa. Ilitoa mV 61. Filamu iliyogundishwa kwenye kioo haiwezi kutanuka pembeni, hivyo upungufu huo unaeleweka, na mzunguko tukaukubali.

Mkeka wetu ukatoa mV 38, ambazo ni pC/N 18. Zaidi ya nusu ya filamu ya kiwandani, mara ya kwanza tu. Kabla ya kuandika namba hiyo popote, tulitoa mkeka na kuweka karatasi ya tishu ya unene uleule kati ya foili zilezile.

Tishu ilitoa mV 11.

Karatasi haina pizoumeme ya kutoa hizo. Foili haijashikana na kilicho kati yake, ikibonyezwa inagusa, ikiachiwa inaachana, na kugusana huko kunahamisha chaji. Ni umeme wa msuguano, na PVDF kwa kuwa ina florini inashika chaji hizo kuliko karatasi. Kugeuza nyaya na kuona wimbi limepinduka, kama inavyofanyika sana, hakuthibitishi lolote. Ukigeuza nyaya, umeme wa msuguano nao unapinduka.

Tulibadili foili kwa mkanda wa kitambaa chenye gundi inayopitisha umeme, ukakandamizwa hadi hakuna nafasi. Tishu ikashuka hadi mV 1. Mkeka ukashuka hadi mV 21, yaani pC/N 10.

Bado kulikuwa na shaka ya pili. Kusokota kwa kV 15 kunapandikiza chaji juu ya nyuzi, na mkeka wa nyuzi ukizihifadhi unafanya kazi kama elektreti: ukibonyezwa, chaji zilizonaswa zinasogea karibu na mkanda na kuzaa ishara bila pizoumeme kuhusika. Vichujio vya hewa vyenye chaji huondolewa chaji hizo kwa isopropanoli, kwa hiyo tuliukata mkeka mmoja nusu mbili, nusu moja ikaloweshwa kwenye isopropanoli dakika 10 na kukaushwa usiku kucha, kisha zote zikafungwa mikanda sawa. Isiyoloweshwa: pC/N 10. Iliyoloweshwa: mV 9, pC/N 4.3.

Hiyo ndiyo namba ya mkeka huu. Kutoka 18 hadi 4.3, na kila hatua ya kushuka ilikuwa ya haki. Anayerudia kazi hii afanye tishu na isopropanoli siku ya kwanza, si mwezi wa nne wa mradi.

## 29 Mei. Kuelekeza minyororo

Ili 4.3 ipande lazima minyororo ielekezwe upande mmoja kwa umeme mkali. Kwa PVDF hiyo ni zaidi ya volti 50 kwa maikromita. Hapa ndipo uwazi wa 80% unapogoma: hewa iliyo ndani ya mkeka inapasuka mapema kuliko polima. Tulikandamiza mkeka kati ya bamba mbili za chuma kwa jeki ya gari, 75 °C, dakika 20, ukashuka kutoka maikromita 70 hadi 30. Uwazi ulibaki kama 53%. Kwenye V 900 ilipiga cheche na kuacha tundu lenye ukingo mweusi. Vipande vitatu, matundu matatu.

Kipande cha nne kiliharibika kwa namna nyingine. Kidhibiti cha bamba la moto kilipitiliza hadi juu ya 175 °C, mkeka ukayeyuka, ukapoa ukiwa filamu ya ukungu. Ni alfa hiyo, kwa maana imeganda kutoka kuyeyuka, tuliitupa. Kipima joto sasa kimechomekwa ndani ya bamba lenyewe.

Kilichofaulu kwa kiasi ni kuelekeza kwa korona, yaani chaji zinazomwagika hewani kutoka ncha ya sindano: mkeka uliokandamizwa juu ya bamba la chuma la 75 °C lililounganishwa ardhini, sindano ya chuma sm 3 juu yake kwa kV 10, dakika 30, na umeme unaendelea hadi bamba lipoe. Hakuna elektrodi ya juu, kwa hiyo tundu moja haliui kipande chote. Korona nayo inamwaga chaji juu ya mkeka, hivyo isopropanoli inarudiwa kabla ya kupima. Matokeo: mV 15, pC/N 7.2.

Filamu ya kiwandani ina 33. Hatutaifikia kwa mkeka wenye hewa, na si haki kuuahidi. Faida ya mkeka ni nyingine: unapinda kama kitambaa, unapumua jasho, na unatengenezwa hapahapa.

## 12 Juni. Mkononi

Kipande cha sm 2 × 2 kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, chini ya mkanda wa nguo. Dakika mbili za kwanza kipimo kilikuwa kimegota kwenye kikomo chake cha juu, V 3.3, hakishuki.

PVDF inatoa chaji pia inapopata joto. Kwa filamu ya kiwandani, maikrokulombi 30 kwa mita ya mraba kwa kila °C: kihisi cha sm² 4 kikipata joto la 1 °C tu ndani ya sekunde 10, kinatoa nA 1.2, na kwenye GΩ 1 hizo ni V 1.2 kabla hata ya kukuza mara 11. Chumba kina 27 °C, ngozi 33 °C. Mkeka wetu una kiasi kidogo cha hilo, lakini unatosha kuzamisha mapigo. Tuliweka bamba la silikoni la mm 1 kati ya ngozi na kihisi, na tunasubiri dakika 3 kabla ya kuanza kusoma. Joto linafika polepole, kikuza kinalimeza, na mapigo yanapita kwa kuwa silikoni inasafirisha mbonyeo vizuri.

Sasa wimbi linaonekana wazi kwa mtu aliyekaa, mkono ukiwa mezani: kilele kikali, kisha kinundu kidogo cha pili pale vali ya moyo inapofunga. Vidole vikicheza, misuli inafunika kila kitu. Hiki si kifaa cha hospitali na hakijapimwa kwa mgonjwa yeyote.

## 19 Juni. Taka, gharama, na kilichobaki

Mikeka iliyoharibika haichomwi moto. Kuchoma taka uani ni jambo la kila siku, lakini PVDF ikiungua inatoa hidrojeni floraidi, ambayo ni sumu kwa mapafu na macho. Vipande vyote, hata vya kufutia ncha, vimo kwenye kopo lenye lebo. DMF iliyotumika iko kwenye chupa ya kioo ikisubiri mkusanyaji wa taka za kemikali mwenye kibali. Kwa kuwa inachanganyika na maji yote, sinki haliizuii kufika kisimani. Polima hizi haziozi. PFOA, kemikali ya florini iliyotumika miaka mingi kutengenezea PTFE, iliingizwa kwenye Mkataba wa Stockholm mwaka 2019, na anayefanya kazi na ukoo huu wa polima ana wajibu wa kupima anachotupa. Sisi tumetumia g 44 katika mafungu 11. Vihisi vilivyofaa, vyote pamoja, havifiki g 0.1.

Jumla ya gharama: Sh 3,390,000. Anayekubali kununua filamu ya kiwandani na kuanzia kwenye kikuza chaji atamaliza kwa vifaa vya mzunguko, Sh 145,000, na filamu mbili, Sh 60,000.

Vipande vinne, viwili vilivyopitia korona na viwili ambavyo havikupitia, vyote vikiwa vimeloweshwa isopropanoli na kupimwa leo, vimefungwa kwenye chupa yenye silika jeli. Vitapimwa tena 19 Septemba kwa gramu 100 zilezile na mpira uleule. Vya korona vikishuka kuelekea 4.3, sehemu ya zile 7.2 bado ilikuwa chaji iliyonaswa, na namba ya Mei itasahihishwa hapa.